Zana Zilizosema Uongo Pamoja

Ijumaa hiyo ya Juni mwaka 2004, wauza maziwa wa mtaa wa Satellite, Nairobi, walikuwa bado hawajamaliza mzunguko wao wakati Inspekta Peres Awuor alipochuchumaa mbele ya geti jeusi na kunusa jerikeni. Petroli. Ilijaa hadi shingoni. Kando yake, kwenye nyasi zenye umande, palikuwa na kiberiti kilicholowa, njiti zake zimetapakaa kama meno ya kitana kilichovunjika.

"Umande ndio ulituokoa," mlinzi alisema. Kichwa chake kilikuwa kimefungwa kipande cha leso na damu ilikuwa imemkauka sikioni. "Alijaribu kuwasha, ikakataa. Akajaribu tena. Ndipo nikamrukia, akanipiga na chuma. Majirani wakawasha taa, akatoroka."

"Uso wake uliuona?"

"Niliuona, madam. Ni yule wa kwenye picha tuliyopewa. Haron. Na alikuwa anaita, 'Milcah, toka na mtoto wangu. Milcah, toka.' Polepole hivyo, kama mtu anabembeleza."

Nyumba yenyewe haikuwa na kibao. Majirani waliambiwa ni hosteli ya wanafunzi wa uuguzi. Ukweli ni kwamba ndani waliishi wanawake waliokimbia waume wenye mikono mizito, wao na watoto wao, na siri ya mahali hapo ndiyo ilikuwa ukuta wao wa pekee. Sasa ukuta ulikuwa umetobolewa.

Lornah, mama aliyeiendesha nyumba hiyo, alimvuta Peres hadi nyuma ya tangi la maji.

"Hii ni mara ya pili, Inspekta. Mwezi jana Milcah alikuwa kwenye nyumba yetu ya Jamhuri. Haron akaja hadi mlangoni. Nikamhamishia huku. Sasa niambie, huyu mwanamume ni mbwa wa polisi, ananusa?"

"Nani alijua yuko hapa?"

"Mimi. Wakili wetu. Na huyu dada anayepika, aliyempokea. Sisi huandikiana kwa barua pepe tu, kwa sababu wakili hataki jambo lolote libaki la mdomo."

"Barua hizo hupitia wapi?"

"Kampuni moja ya mtandao mjini, inaitwa Mlingoti. Baada ya ile ya Jamhuri nililalamika kwao. Wakakagua mashine yao, wakanijibu vizuri kabisa: hakuna mtu aliyegusa barua zenu."

Peres aliitazama ile jerikeni. Mtu hatembei na petroli usiku hadi kwenye geti lisilo na kibao kwa kubahatisha.

"Leo atalala wapi?"

Lornah aliangalia kulia na kushoto. "Ngara. Kuna mama ana vyumba juu ya duka lake la vitambaa. Ndiye wa mwisho niliye naye. Huyu akivamiwa, sina tena pa kumweka Milcah."

"Basi usiandike popote. Mpeleke mwenyewe kwa gari lako saa nane mchana. Hadi hapo, usimwambie hata Mungu kwa sauti."

Milcah alikuwa ameketi kwenye godoro chumba cha ndani, akinyonyesha. Mtoto, mvulana wa miezi michache, alikuwa ameshika ukosi wa nguo ya mama yake kwa ngumi yake ndogo, kama mtu aliyeambiwa asiachilie. Peres alivua viatu, akaketi sakafuni ili wawe macho kwa macho.

"Nani alitaka urudi kwa Haron?"

"Mamangu hakutaka. Mamangu alisema heri nizeeke kwake kuliko niletwe nikiwa maiti." Milcah alimbadilisha mtoto ziwa. "Ni baba wangu. Alikuja mara mbili, yeye na mke wake. Wakapiga magoti sebuleni, wakaniombea. Alisema ndoa ni agano, na ikivunjika ni yeye ataulizwa mbele za Mungu."

"Alijua uko Jamhuri? Alijua uko hapa?"

"Hapana. Wakati huo nilikuwa bado kwa mamangu, huko Kikuyu. Ni mtu mzuri, afande. Hawezi kunifanyia hivi."

Peres alikuwa amesikia maneno hayo mara nyingi, na mara nyingi yalikuwa yakisemwa juu ya aliyefanya. Baba, akajiambia, na mama wa kambo. Alipotoka alimwita Konstebo Kilonzo aliyekuwa akipiga picha za geti.

"Chukua gari uende Kikuyu. Mtafute babake Milcah. Nataka kujua usiku alikuwa wapi, na nani alimpa habari."

"Na wewe, afande?"

"Mimi naenda mjini kuuliza mashine."

Mlingoti ilikuwa ghorofa ya tatu ya jengo kuukuu nyuma ya Mtaa wa Biashara. Chini waliuza vitenge na mikeka. Juu kulikuwa na waya, feni, na seva moja ya rangi ya kijivu iliyonguruma ndani ya chumba cha kioo. Mwenye kampuni, Hemed, alikuwa mtu wa Mombasa mwenye kofia safi na ulimi mwepesi.

"Karibu, Inspekta, karibu. Leo Ijumaa, hapa kwetu hula sinia moja tukitoka msikitini, Mwislamu na Mkristo. Ngoja ule. Polisi mwenye njaa huona makosa kila mahali."

"Nitakula nikishajua nani anasoma barua za watu, Bwana Hemed. Mashine hii huguswa na nani?"

"Wawili tu. Norman, ambaye ndiye fundi mkuu. Na Makau. Mimi najua kulipa umeme."

Norman Kuria alikuwa mwanamume nadhifu, shati limepigwa pasi hadi kwenye mkono. Alimvutia Peres kiti kabla ya kuketi mwenyewe.

"Nilisikitika sana Bwana Hemed aliponiambia barua zimevuja tena," alisema. "Lakini lile lalamiko la kwanza tulilishughulikia. Mwulize Bwana Hemed. Alisimama nyuma yetu huku Makau akikagua, tena kwa zana za dharura, programu zile za kuaminika zaidi. Tulipekua kila mahali. Safi."

"Kwa hiyo Haron aliota?"

"Watu husema ovyo, Inspekta. Wapishi, walinzi…" Simu yake ililia. Akaomba radhi kwa kidole. "Ndiyo, mwalimu. Mwambie Wangu angoje ndani ya geti, si barabarani. Mama yake yuko zamu leo. Ninamchukua mimi saa kumi." Akaifunga, uso umelainika kidogo, kisha ukakaza tena. "Sipendi kumsingizia kijana. Lakini Jumatatu Makau aliivuruga mashine. Aliigusa maktaba. Na ni yeye aliyetaka tuhamie toleo hili jipya la mfumo, ambapo zana zote hutegemea maktaba moja. Mimi nilipinga. Nilisema wazi ni hatari."

Makau hakuwa na haja ya kuitwa mara mbili. Aliingia akiwa na kopo la chakula chini ya kwapa.

"Najua ameshaniuza," alisema kabla ya kuketi. "Sema tu, madam. Ni mimi, sivyo?"

"Sijasema. Jumatatu kulitokea nini?"

"Nilikuwa nahamisha faili nzee nipate nafasi. Nikakosea, nikahamisha maktaba yenyewe. Hapo hapo kila kitu ikakataa. Unaandika amri, inakujibu: maktaba haipatikani. Unaandika nyingine, jibu ni lile lile. Nikamwita Norman. Akaniambia, 'Toka ukanywe chai, unanitia jasho.' Nikarudi, iko sawa. Akamwambia bosi ametumia zile zana za dharura. Mimi nikapewa onyo."

"Wewe hukuzijaribu?"

"Madam, nilikuwa natetemeka. Hata jina langu ningeulizwa ningekosa."

"Na hilo kopo?"

"Ni githeri, mahindi na maharagwe ya kutoka kwangu." Akalikumbatia. "Tangu Jumatatu sili nao. Siwezi kula sahani moja na watu wananiita mwizi kwa macho."

Peres alimtazama kijana huyo na chakula chake cha peke yake. Kinyongo alikuwa nacho. Uwezo alikuwa nao. Ilikuwa rahisi mno, na mambo rahisi humtia Peres kiungulia.

Ndipo akampigia Nisreen.

Nisreen alifundisha kompyuta katika chuo kimoja cha hapo mjini. Peres alikuwa amekaa kwenye darasa lake la jioni mwaka mzima, akisinzia na kuamka, na alichopata huko zaidi ya cheti ni mtu wa kumuuliza. Alifika na buibui lake jeusi, mfuko begani na diski moja ya CD ndani ya karatasi. Alifika pamoja na pilau. Hemed hakukubali mtu aguse mashine kabla ya kugusa sinia, kwa hiyo wakaketi mkekani, Norman akasali kimya, na Makau akabaki kwenye kiti chake na kopo lake.

"Mwalimu," Peres alisema, "nieleze kama unavyomweleza mwanafunzi aliyelala. Hiyo maktaba ni nini?"

Nisreen alichora mstari kwenye wali kwa kidole. "Unix, mfumo unaoendesha mashine hii, ina zana ndogondogo. Ya kuorodhesha faili, ya kunakili, ya kuhamisha, ya kuonyesha nani yumo. Zamani kila moja ilijengwa ikiwa imebeba tumboni kila inachohitaji. Nzito, lakini haimwombi mtu. Siku hizi, ili kuokoa nafasi, zinajengwa nyepesi na zote zinakula sinia moja. Sinia hiyo ndiyo maktaba. Si vibaya, ukirekebisha sinia umezirekebisha zote."

"Na mtu akitia sumu kwenye sinia?"

Hemed alirudisha tonge. "Inspekta! Tafadhali, bwana!"

"Zinaugua zote," Nisreen alisema, "na zinaugua ugonjwa mmoja. Ukiiuliza ya kwanza inakuambia hakuna kitu. Ya pili, hakuna kitu. Ya tatu, hakuna. Unadhani mashahidi watatu wamekubaliana. Kumbe shahidi ni mmoja."

Hilo Peres alilielewa bila cheti. Alikuwa amekutana na familia nzima zilizoapa kwa mdomo mmoja.

"Ndiyo maana," Nisreen aliendelea, "waliotengeneza toleo hili waliacha kisanduku cha dharura, chenye zana za mtindo wa zamani. Kila moja na chakula chake. Sinia likimwagika, hizo bado zinafanya kazi."

"Na hizo ndizo tulizokagulia," Norman alisema kwa utulivu, akinawa mikono.

"Tutaona," Nisreen alisema.

Chumba cha kioo kilikuwa na baridi. Nisreen aliketi mbele ya skrini, wengine wakajipanga nyuma yake. Aliita zana ya kawaida ya kuorodhesha. Majina yakapita. Akaiita ile ya kisanduku cha dharura. Majina yale yale. Kisha akaingiza CD yake.

"Hizi nimezijenga mwenyewe nyumbani. Hazijawahi kula chochote cha mashine hii."

Akaita. Majina yale yale yakapita, na katikati yake, pale ambapo hapakuwa na kitu, pakatokea folda moja zaidi.

Hemed alivuta pumzi. "Hiyo ilitoka wapi?"

"Haikutoka popote. Ilikuwepo. Maktaba imefundishwa kuificha, na kila zana iliyoiuliza maktaba ikadanganywa." Vidole vya Nisreen vilikuwa vikienda haraka sasa. "Na zile za dharura… subiri. Si za dharura tena. Majina ni yale, lakini mtu ameweka za kawaida mahali pake. Nazo zinakula sinia."

"Makau," Norman alisema kwa sauti ya huzuni, "kijana wangu, kwa nini?"

Kopo la Makau lilianguka. Githeri ikatawanyika sakafuni. "Mimi? Mimi sijui hata kitu kama hicho kinafanywaje!"

"Maktaba uliigusa wewe. Sote tunajua."

"Nyamazeni," Peres alisema. "Mwalimu, fungua hiyo folda."

Ilikuwa imejaa barua. Lornah kwa wakili. Wakili kwa Lornah. Nyumba ya Jamhuri, nyumba ya Satellite, rangi ya geti. Kila barua yao ilikuwa ikinakiliwa kimya kimya ikipita. Na juu kabisa, barua mpya ya asubuhi hiyo. Peres aliisoma akiwa amesimama.

Ilitoka kwa yule mama wa Ngara. Hakuna aliyemwonya. *Dada Lornah, nimeandaa chumba cha nyuma, kuna joto la kutosha kwa mtoto. Mlete Milcah saa nane kama tulivyosema, mpande ngazi ya uani.* Chini yake aliandika jina la duka.

Saa ya ukutani ilionyesha saa nane kasorobo.

Alimpigia Lornah. *Mteja wa nambari uliyopiga hapatikani kwa sasa.* Akapiga tena. Sauti ile ile ya yule mwanamke asiyejua haraka ni nini. Akampigia Kilonzo.

"Afande, nilikuwa karibu kukupigia," Kilonzo alisema. "Huyo mzee hatumpati. Alikufa Milcah akiwa darasa la nne. Nimeonyeshwa hata kaburi."

"Nini?"

"Amekufa, afande. Na mama yake hakuolewa tena."

"Uko wapi?"

"Tunaingia mjini, tunakaribia Museum Hill."

"Endeni Ngara mbio." Akamtajia duka na ngazi ya uani. "Haron anakwenda huko, na Milcah yuko njiani na mtoto. Msipige king'ora. Atakimbia, na kesho atarudi."

Alifunga simu. Hakujua kama Kilonzo angefika kwanza, wala Haron angepitia upande gani. Kulikuwa na mtu mmoja tu aliyejua, na mtu huyo alikuwa kwenye chumba hiki.

"Kuna kitu kingine," Nisreen alisema. "Ndani ya folda hii mna zana. Za kweli, za mtindo wa zamani. Kila moja na chakula chake."

Peres aligeuka polepole. "Mwalimu, Jumatatu maktaba ilipohamishwa, mashine ilizimwa?"

Nisreen aliangalia. "Haijazimwa tangu mwezi jana."

"Kweli," Hemed alisema. "Jumatatu barua za wateja zilikuwa zinapita kama kawaida. Nilishangaa."

"Programu zilizokuwa zimeshakula ziliendelea na kazi," Nisreen alieleza. "Ila zana yoyote mpya ungeiita ingekufa mlangoni."

"Hata ya kufungulia CD?"

"Hata hiyo."

"Basi aliyeirudisha maktaba mahali pake, bila kuzima na bila CD, alitumia nini?"

"Zana zisizotegemea sinia."

"Kwenye mashine hii ziko wapi?"

Nisreen alikigusa kioo cha skrini kwa ukucha. "Humu tu."

Feni zilinguruma. Makau alikuwa amepiga magoti akiokota mahindi yake, mkono umesimama hewani.

"Makau alikuwa anakunywa chai," Peres alisema. "Norman, aliyeitengeneza ni wewe. Ukasema ulitumia kisanduku cha dharura."

"Nilitumia." Sauti haikutikisika. "Labda kilibadilishwa baada ya Jumatatu. Hilo hujalifikiria?"

"Nimelifikiria. Bwana Hemed, siku ya kukagua lile lalamiko, Makau alitumia zana gani?"

"Za dharura. Nilisimama nyuma yao, nikaona kwa macho yangu mwenyewe. Hapakuwa na kitu."

"Na siku hiyo barua za Jamhuri zilikuwa zimeshaibiwa, maana Haron alikuwa ameshafika mlangoni. Zilikuwa humu, Norman. Zana za dharura za kweli zingeiona folda hii kama CD ya mwalimu ilivyoiona. Hazikuiona. Kwa hiyo zilikuwa bandia tangu wakati huo, na Jumatatu zilikuwa zimekufa kama nyingine zote." Alimsogelea. "Asubuhi nilimtazama huyu kijana na kopo lake nikadhani ndiye anayekula peke yake. Lakini aliyetia sumu kwenye sinia hawezi kulila. Lazima aje na chakula chake, akifiche mahali. Jumatatu njaa ilikubana, ukakifungua."

Norman aliiangalia ile folda kwenye skrini.

"Sielewi kitu kimoja tu," Peres alisema. "Kwa nini? Milcah ni nani kwako?" Na swali likiwa bado mdomoni, akaikumbuka ile simu ya mwalimu. *Mwambie Wangu angoje ndani ya geti.* Milcah alisema *mamangu*, kila mara *mamangu*. Lakini yule mwingine hakumwita *babangu*. *Ni baba wangu. Yeye na mke wake.* Peres alidhani ni Kiswahili cha Nairobi, kisichojali ngeli. Kumbe msichana yule alikuwa akimtaja mtu kwa heshima, kama watu wanavyoitana kwa majina ya watoto wao, na Wangu lilikuwa jina la mtoto.

"Baba Wangu," alisema polepole. "Ni wewe."

Mabega ya Norman yalishuka, kama shati limetolewa kwenye waya.

"Nilisimamia harusi yao," alisema. "Mimi na mke wangu. Mnajua maana yake? Msimamizi si mtu wa kushika pete tu. Ndoa ikiyumba, wewe ndiye unayeitwa. Nilisimama kanisani nikaahidi. Wangu wangu ndiye aliyebeba maua. Na Haron alikuja nyumbani akalia mbele yangu, mwanamume mzima. Alisema hataki chochote, anataka tu kuzungumza na mke wake. Hawa wanawake wanawaficha watu, nyumba inavunjika…"

"Alikuambia alienda Satellite na nini usiku?"

"Alisema aliita tu getini, wakamfukuza."

"Alienda na jerikeni ya petroli, Norman. Na kiberiti. Mtoto wa miezi michache alikuwa amelala upande wa pili wa ukuta. Kisingelowa umande, leo ungesimamia mazishi."

Norman alimtazama Peres, kisha Hemed, kama anayetafuta atakayesema si kweli. "Petroli?"

"Niliinusa mwenyewe."

"Mungu wangu." Alishika ukingo wa meza. "Nimemtumia ujumbe asubuhi. Nilimwandikia, ngazi ya uani. Saa nane."

"Mpigie. Mwambie asipande. Mshike hapo chini kwa maneno yoyote anayoyaamini kwako."

Vidole vyake vilikosea nambari mara mbili. Peres alibonyeza kipaza sauti. Simu ikalia, ikalia.

"Baba Wangu," sauti ikasema, ya chini, ya kubembeleza. Nyuma yake zilisikika kelele za wachuuzi.

"Haron. Uko wapi, ndugu yangu?"

"Chini ya ngazi. Hawajafika. Nawangoja."

"Usipande. Ngoja… nakuja. Hatujaomba. Jambo kama hili tuliombee kwanza, sisi wawili." Jasho lilikuwa likimtiririka Norman hadi kwenye kola. "Umebeba nini?"

"Baba Wangu, wewe ulifanya sehemu yako. Hii nyingine niachie."

"Haron, inamisha kichwa. Tuombe. Baba yetu uliye mbinguni…"

Kwa mazoea ya miaka, sauti ile nyingine ikafuata, ikigugumia, "…jina lako litukuzwe…" Hemed alikuwa amefumba macho. Makau alikuwa bado amepiga magoti. Kwenye simu, wachuuzi wakanyamaza ghafla. Kisha mkanyagano wa miguu, na sauti ya Kilonzo ikipasua: "Weka chini! Weka chini jerikeni! Chini, nimesema!" Kitu cha plastiki kikagonga sakafu. Mtu akalia kwa hasira. Simu ikakatika.

Mara simu ya Peres mwenyewe ikalia.

"Tumemshika, afande." Kilonzo alikuwa anahema. "Gari la Lornah ndilo linaegeshwa sasa. Mtoto amelala, hana habari."

Peres alitoa pingu, na Norman akanyoosha mikono bila kuambiwa.

"Makau," Norman alisema akitazama sakafuni, "nisamehe."

"Mwambie bosi kwanza airarue hiyo barua ya onyo," Makau alijibu, lakini sauti yake haikuwa na ukali aliokusudia. Hemed alimshika kijana bega, akamwonyesha nafasi iliyo wazi mkekani.

Mlangoni Norman alisimama. "Inspekta. Saa kumi. Nilimwambia mwalimu saa kumi."

Peres mwenyewe alimpigia mke wa Norman, na hakumficha neno. Mwanamke yule alisema anatoka kazini lakini atachelewa. Basi Peres akaenda. Shule ilikuwa kwenye barabara ya nyuma, mtaani Jamhuri. Watoto wengine walikuwa wameshachukuliwa. Mmoja tu alibaki, ameketi ngazini ndani ya geti, si barabarani, begi magotini, soksi moja imeshuka. Mwalimu, aliyekuwa ameshapigiwa simu, aliitikia kwa kichwa kwa mbali.

Msichana alimtazama Peres kutoka chini hadi juu.

"Baba wangu yuko wapi?"

Peres alivuta sketi yake, akaketi ngazini kando ya mtoto.

"Mama anakuja," alisema. "Mimi na wewe tutamngoja."

Wangu alilitafakari hilo. Kisha alifungua kopo lake la chakula, ambamo mlikuwa na nusu ya chapati aliyoibakisha, akaipasua katikati, akaipima kwa macho, na kumpa mgeni kipande kikubwa.